Sura ya Sita: Maji, Sabuni na Jina la Dereva

Dereva anayetoka Zambia na mzigo wa shaba, akishateremka Kitonga na kuegesha Ruaha Mbuyuni kwenye meza za vitunguu, haoshi gari papo hapo. Tope la Makambako limekauka kwenye madigadi, kioo cha mbele kimejaa wadudu, na kijana mwenye ndoo na brashi ameshafika mlangoni kuomba kazi. Dereva mgeni wa njia atamruhusu. Mzoefu atamwambia, "Ngoja kwanza, dogo," kisha ataenda kula wali wake. Kwenye mteremko ule breki zimeshikilia makumi ya tani kwa kilomita kadhaa, na dramu zake, ambazo ni chuma cha kusubu, zimepata moto kwelikweli. Chuma cha namna hiyo kikimwagiwa maji ya baridi ghafla hupata ufa. Ufa huo hautamsumbua Ruaha Mbuyuni. Utamsubiri kwenye mteremko mwingine, siku nyingine, akiwa na mzigo mwingine.

Naanza na kusubiri huku kwa sababu watu wengi huona lori linalong'aa na kudhani ni mbwembwe za mwenye gari. Usafi wa lori ni ujuzi wa kazi, una kanuni zake na hatari zake, na wanaoujua ni madereva na utingo wao. Katika kitabu hiki nimeandika kuhusu mizani, foleni, posho na ajali. Katika sura hii nawapa heshima watu hawa kwa jambo ambalo mara nyingi wanalifanya bila malipo, bila kuagizwa, na ambalo limeokoa maisha ya wengi wetu tunaopishana nao barabarani.

Fikiria mambo ambayo dereva wa masafa marefu hana mamlaka nayo. Gari ni la tajiri. Mzigo ni wa mtu ambaye hajawahi kumwona. Bei ya dizeli inapangwa kwingine, foleni ya mpakani inakwenda inavyotaka, na mvua ya Inyala haimwulizi mtu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na anayeendelea hadi Kasumbalesa, Lubumbashi au Kolwezi bado hajafika hata nusu. Katika urefu wote huo, kitu kimoja kinachomtegemea yeye peke yake ni hali ya gari alilokabidhiwa. Ndiyo maana madereva hutambuana kwa magari. Ukitaja namba ya gari kwenye maegesho ya Makambako, utatajiwa dereva wake, na mara nyingi utaambiwa pia anavyolitunza.

Heshima hii ina umri. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ikajikuta imebanwa. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa ndege na kwa malori kutoka Dar es Salaam, mengi yakiwa kwenye mapipa, kwa barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi ilikuwa vumbi jekundu la kumfanya dereva asione lori lililo mbele yake. Masika ilikuwa utelezi na magari yaliyolala ubavu. Barabara hiyo ilipata sifa ya jehanamu, na walioipita walistahili kuisimulia. Bomba la TAZAMA lilipoanza kupeleka mafuta mwaka 1968, na baadaye lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, shida ilipungua, lakini desturi zilizozaliwa kwenye vumbi lile zilibaki. Kupangusa taa kila unaposimama. Kufuta kioo kabla ya giza. Kukung'uta kichujio cha hewa, kwa sababu injini inapumua kile kile unachokipumua wewe, na vumbi likiingia kwenye silinda hula pistoni na ringi zake taratibu hadi gari lianze kula oili na kutoa moshi wa buluu.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili muda mrefu kabla ya lori la kwanza. Chombo kinapopandishwa pwani, hukwanguliwa kombe na mwani, hukaguliwa ubao kwa ubao, kisha hupakwa deheni ndipo kirudi majini. Hakuna nahodha aliyedai kwamba kukwangua ni pambo. Mkono unaosafisha ndio unaokuta ubao uliooza. Lori halina tofauti.

Tazama dereva makini anavyoosha. Huanza chini, kwenye chesisi na matairi, kwa kulowesha tope lilegee. Akilikwangua kavu, mchanga unachora rangi na kukata mipira ya upepo wa breki. Tope likiwa linalegea, hupanda kwenye bodi la tela na kufagia. Halafu sabuni, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu maji machafu yanateremka na hakuna haja ya kuosha sehemu moja mara mbili. Hakubali kuosha kichwa cha gari juani saa saba mchana, sabuni ikikaukia kwenye rangi huacha madoa. Mwenye mashine ya maji ya nguvu huambiwa mapema asielekeze mpira kwenye habu, kwenye viungo vya umeme wala kwenye mapezi ya rejeta. Maji ya nguvu hupenya kwenye oil sili, yakachanganyika na grisi, na beringi inayozunguka kwenye grisi yenye maji haina safari ndefu.

Wakati wote huo macho yanafanya kazi. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ya tairi na kusambaa kwenye rimu ni dalili kwamba nati hiyo inacheza. Unyevu wa mafuta upande wa ndani wa rimu unaonyesha sili imechoka, na mafuta yakifika kwenye viatu vya breki, gurudumu hilo halitashika. Mahali ambapo vumbi limeganda kama ugali, wakati kwingine ni kavu, kuna kitu kinavuja. Ufa kwenye chesisi huonekana kama unywele mweusi kwenye rangi safi, na chini ya tope hauonekani kabisa. Jani la springi lililokatika, boliti iliyopotea, mpira wa breki uliosuguliwa na chuma hadi uzi wa ndani ukatokeza: vyote hivi hugunduliwa na utingo mwenye dodoki mkononi, mara nyingi kabla fundi hajaitwa. Gari chafu linaficha maradhi yake. Nitalisema hili bila kupunguza neno: tajiri ambaye hajali gari lake kuoshwa hajali pia kama litarudi.

Kuna usafi mwingine ambao abiria wa basi na mwenye gari dogo wanapaswa kuushukuru kila usiku. Ni ule wa nyuma ya tela. Taa za breki, taa za kuashiria kona, namba, na zile karatasi za kuakisi mwanga zilizobandikwa ubavuni na nyuma. Karatasi ya kuakisi haina mwanga wake, inarudisha tu mwanga wa taa zako. Ikifunikwa tope hairudishi kitu, na lori lililosimama pembeni mwa barabara usiku linakuwa ukuta mweusi. Sote tunajua matawi ya miti yanayotandazwa barabarani gari likiharibika. Matawi hayo ni msaada wa dharura. Kitambaa chenye maji kilichopitishwa kwenye taa na karatasi za kuakisi jioni kabla ya kuondoka ni kinga, na dereva anayekipitisha anamlinda mtu asiyemjua.

Mzigo nao una uchafu wake, na kila mzigo una namna yake ya kusafishwa. Vumbi la saruji halioshwi kabla ya kufagiwa, maana likikutana na maji linaganda, na likishaganda kwenye bawaba na minyororo utalitoa kwa nyundo. Mbolea huvuta unyevu na kula chuma. Kuna pia salfa, ile ile ambayo wakulima wa Mtwara na Lindi huipuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriubwiri. Viwanda vya shaba vya Kongo na Zambia vinaihitaji kwa wingi kutengenezea tindikali ya kuchujia madini, kwa hiyo malori mengi hupakia salfa Dar es Salaam na kuipandisha huko. Ikibaki kwenye pembe za bodi na kupata unyevu kwa muda, hugeuka polepole kuwa tindikali, na bodi linaanza kuoza kutoka kwenye maungio. Pia inashika moto kwa urahisi, na moshi wake unakaba.

Hapa ndipo heshima ya dereva inapopimwa kwelikweli. Gari limeshusha salfa, au limerudi na magunia ya kobalti ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu, na sasa tajiri amepata mzigo wa kurudi nao: mahindi ya Songwe au mchele wa Mbarali. Muda ni mfupi na dalali anapiga simu. Hakuna mtu sokoni Dar es Salaam atakayejua bodi lile lilibeba nini wiki iliyopita. Dereva anayemwambia dalali asubiri mpaka bodi lifagiwe, lioshwe, likauke na litandikwe turubai safi, anahifadhi afya ya watu ambao hawatajua kamwe kwamba alifanya hivyo. Nimewasikia watu wakiwaita madereva wa namna hii wagumu na wenye maringo. Mimi naona hao ndio wa kukabidhiwa chakula cha watu.

Kwa magari ya mafuta, kanuni ni kali zaidi, na nje na ndani ya tenki ni mambo mawili tofauti kabisa. Nje unaosha kama gari lolote. Ndani haingii mtu ambaye hajafunzwa na hana vifaa. Tenki la petroli likishushwa mzigo halibaki tupu, linabaki na mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, hufukuza oksijeni, na unahitaji cheche ndogo tu. Kijana anayetumwa kuingia na dumu la sabuni kusugua tenki anaweza kuanguka kabla hajaita, na anayeingia kumwokoa humfuata. Dereva akikataa kumtuma utingo wake humo, hata kama tajiri anafoka kwenye simu, amefanya kazi yake barabara.

Sasa tupande ndani ya kabini, tukiwa tumevua viatu. Hii ni sheria ya magari mengi na haiandikwi popote. Utingo hupanda na kandambili mkononi, askari anayeomba kukagua nyaraka hupewa akiwa chini, na rafiki wa kijiweni anayetaka kupanda na matope huambiwa, "Viatu hapo, kaka." Nyuma ya kiti kuna kitanda chenye shuka lililotandikwa, pazia, mto, pengine tasbihi au rozari ikining'inia, na zulia ambalo hukung'utwa kila asubuhi. Sufuria, jiko dogo la gesi na madumu ya maji yana sanduku lake nje, ubavuni mwa gari, ili harufu ya kitunguu isilale na mtu.

Wanaocheka pazia la maua kwenye lori hawajawahi kulala foleni. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na kimesaidia, lakini bado kuna nyakati ambapo malori hupangana kilomita nyingi, na Kasumbalesa nako ni hivyo hivyo. Dereva anaweza kuishi kwenye kabini siku kadhaa mfululizo akisogea hatua kwa hatua, na hawezi kuliacha gari akatafute nyumba ya kulala wageni, kwa sababu mzigo utaibwa na nafasi itapotea. Hapo kabini ndiyo chumba, ndiyo sebule, ndiyo mahali pa kuswali na kupiga simu nyumbani. Mtu anayefua shuka lake, akaanika kwenye kioo cha pembeni, akafuta dashibodi na kunyoa ndevu akitumia kioo hicho hicho, anakataa kugeuzwa sehemu ya mzigo. Kwenye foleni ndefu utawaona wengi wakiosha magari yasiyokwenda popote. Wanajua kabisa kwamba vumbi litarudi kesho. Wanaosha kwa sababu siku isiyo na kazi yoyote humla mtu.

Heshima hii si ya Afrika Mashariki peke yake. Katika Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, Edward Stobart aliichukua biashara ndogo ya usafirishaji ya baba yake, Eddie, katika miaka ya 1970 na kuigeuza kuwa kampuni ambayo karibu kila Mwingereza aliifahamu. Wakati huo watu wengi nchini mwake waliwaona madereva wa malori kuwa watu wachafu na wakorofi. Stobart aliamua kwamba malori yake ya kijani na nyekundu yatakuwa safi wakati wote, na madereva wake watavaa shati na tai. Kila lori lilipewa jina la kike, la kwanza likiitwa Twiggy, kwa jina la mwanamitindo maarufu. Ikafika mahali watoto kwenye magari ya wazazi wao wakawa wanahesabu malori ya Eddie Stobart barabarani, madereva wanawapungia mkono, na kampuni ikawa na klabu ya mashabiki wake. Alifariki mwaka 2011, na magazeti makubwa ya nchi yake yaliandika habari za maisha yake.

Najifunza jambo moja kutoka Cumbria na nalipinga moja. Nakubali kwamba dharau inayoelekezwa kwa dereva hupungua pale gari lake linaposafishwa, na kwamba Stobart alilielewa hili mapema kuliko washindani wake. Tai siihitaji, hasa Chalinze mwezi wa Februari. Na tofauti kubwa ni hii: kule usafi ulikuwa mpango wa kampuni, umewekewa mahali, maji na bajeti. Kwetu, matajiri wengi huufurahia usafi ambao hawajaulipia. Gari likirudi Dar es Salaam linang'aa, mteja anavutiwa, mzigo mwingine unapatikana, na sabuni ilinunuliwa kwa posho ya chakula ya dereva. Kijana wa ndoo wa Tunduma alilipwa na dereva. Utingo, ambaye mara nyingi hana hata mkataba, aliosha saa mbili usiku baada ya kukaa macho njia nzima.

Hali hii ndiyo inayowasukuma watu mtoni. Maji ya mto ni ya bure, mahali pazuri pa kuoshea panalipiwa, na posho ni ile ile. Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli zinazoweza kuharibu kingo za mito na maziwa ndani ya mita 60, na madereva wengi wanaijua vizuri. Lakini tukumbuke kinachotiririka. Maji yaliyoosha chesisi yana oili, dizeli, grisi, na vumbi la kila kilichobebwa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu. Anayeingiza lori lake kando ya Ruvu anaosha ndani ya sufuria ya watoto wake mwenyewe, walioko Mbagala na Kimara wakimsubiri. Ruaha Mkuu nao unanywesha vijiji, mifugo na mashamba mpaka unapoingia Mtera.

Ufumbuzi wake si mgumu wala si wa teknolojia ngeni. Sakafu ya zege yenye mwinamo, mfereji unaokusanya maji, shimo la kwanza la kutuliza mchanga, na shimo la pili ambamo mafuta huelea juu huku maji yakitokea kwa bomba lililowekwa chini. Mafuta yanaenguliwa, mchanga unazolewa, na maji yaliyobaki yanaweza kutumika tena kuoshea magurudumu ya gari linalofuata. Mwenye yadi ya malori kumi anaweza kujenga. Halmashauri ambazo zinakusanya ushuru wa maegesho katika miji ya njia hii zinaweza kujenga pia, na zinapaswa kufanya hivyo kabla ya kuwatuma mgambo kuwakamata vijana wenye ndoo.

Kuhusu muda, sheria yetu ya ajira ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Sioni msingi wowote wa kudai kwamba kuendesha gari ni kazi na kulisafisha si kazi, hasa baada ya kuona kwamba nati iliyolegea hugunduliwa na mwenye dodoki. Wapo matajiri wachache wanaolitambua hili na kuweka fungu la kuoshea katika kila safari, na magari yao utayajua ukiyaona kwenye mizani ya Vigwaza.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wenye malori, wakubwa na wadogo: safari ijayo mnapoandika dizeli, ushuru na posho, andikeni pia maji, sabuni na saa mbili za dereva na utingo wake. Na mkimpata dereva anayekataa kupakia mchele juu ya salfa, msimtoe kwenye gari lake.